Kahawa ya dele, ya sufuria au ya kopo? Redio au simu? Uchague nini kwa Jumamosi yenye watoto ndani

Kitinda mimba wetu ana miaka miwili. Tangu azaliwe, sijawahi kukaa na kikombe cha kahawa kuanzia funda la kwanza mpaka mashapo bila kuinuka. Kuna anayetaka kwenda chooni, kuna aliyemwaga uji, kuna wawili wanaogombea rimoti. Siku za kazi hilo halinisumbui, maana siku za kazi kahawa nainywa nimesimama, viatu miguuni. Jumamosi ni jambo jingine. Jumamosi nataka nijifunge kanga, nifungue mlango wa uani, niketi kwenye mkeka, muziki usikike kwa chini, kahawa iwe karibu, na pasiwe na pa kukimbilia mpaka saa nne. Wengi wetu tukishapata watoto huiacha asubuhi hiyo tukidhani itarudi wakikua. Mimi nimekataa kuiacha. Nimejaribu vyombo na njia nyingi za kuilinda, kwa hiyo namwandikia mzazi mwenzangu anayejiuliza anunue nini, apike vipi na awashe nini.

Kipimo changu ni kimoja: nikikiacha chombo hiki dakika ishirini nikamshughulikie mtoto, nikirudi nitakikuta katika hali gani? Kahawa tamu kupita zote, lakini inayoharibika ndani ya dakika tano, inamfaa mtu anayeishi peke yake. Muziki mzuri unaotaka kuchaguliwa wimbo baada ya wimbo ni hivyo hivyo. Mzazi hukatizwa, na kukatizwa huko hakuna dawa. Kilichobaki ni kuchagua vitu vinavyovumilia kuachwa.

Nyumba yetu ina kahawa mbili tangu siku ya ndoa. Mimi kwetu Bukoba, mume wangu kwao Unguja, tunaishi Dar es Salaam. Kwetu kahawa ni mti ulio nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na kabla ya kuwa kinywaji ilikuwa kitu cha kutafuna: matunda ya robusta, aina ya kahawa ya kwetu, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, huanikwa yakakauka, kisha mgeni akifika hupewa atafune huku mkizungumza. Ndiyo akamwani. Kwao mume wangu kahawa haina mti, ina dele. Buni hutoka bara, hukaangwa, hutwangwa, hupikwa nzito na kunywewa bila sukari, kashata au tende pembeni. Miaka yetu ya kwanza kila mmoja alipika yake. Watoto ndio waliotulazimisha kulinganisha, kwa sababu mwenye watoto watatu hana nafasi ya kuosha vyombo vya kahawa mara mbili.

Dele

Wasiolijua: dele ni birika refu la shaba au la bati, pana chini, jembamba shingoni, lenye mdomo mrefu wa kumiminia. Muuza kahawa hulibeba na makaa yake chini, huzunguka mitaani akigonganisha vikombe, na kila anayemwita humiminiwa kahawa ya moto. Limetengenezwa kwa kazi hiyo hasa, kukaa juu ya moto mdogo saa nzima au saa mbili na kutoa kidogo kidogo. Hapo ndipo linapoyashinda mabirika mengine yote kwa kipimo changu.

Kahawa inayokaa motoni kwa muda mrefu hutoa uchungu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kahawa chungu imekubali uchungu tangu jina lake. Uchungu ndio unaotafutwa, tangawizi na iliki zinausindikiza, na utamu unautia mwenyewe mdomoni kwa kipande cha kashata. Naiacha dakika ishirini, narudi naikuta ile ile, pengine imezidi uzito kidogo. Kikombe chenyewe ni kidogo, hakina mkono, mafunda matatu au manne kimekwisha kabla hakijapoa. Jambo hili sikulithamini mpaka nilipozaa. Kikombe kikubwa hupoa mezani huku mama yuko bafuni anamwosha mtu. Kikombe kidogo unakinywa kikiwa cha moto, unaondoka, unarudi, unamimina kingine, nacho ni cha moto vile vile. Watu wa pwani hawakukitengeneza kwa ajili ya wazazi, lakini hakuna kikombe kinachomfaa mzazi kuliko hicho.

Ubaya wake ni makaa. Jiko la mkaa haliwekwi ndani: mkaa ukiungua hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa hugeuka hatari bila mtu kushtuka. Ukiliweka uani, kuna huyo wa miaka miwili ambaye kila chenye kung'aa anakifuata. Tumeamua dele likae juu ya jiko la gesi, moto mdogo kabisa, mdomo na mkono wake vimeelekezwa ukutani. Ule moshi mwembamba wa makaa unakosekana, na mume wangu anausikia ukosefu huo kila Jumamosi. Nakubaliana naye, ladha si ile ile. Hata hivyo, mwenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, namwomba aliweke dele la makaa kando mpaka mtoto aelewe neno "moto". Dele ni la bati, litamsubiri.

Sufuria

Hivi ndivyo alivyopika mama yangu, na nadhani ndivyo nyumba nyingi bado hupika. Unachemsha maji, unaepua, unatia unga wa kahawa, unakoroga, unarudisha motoni mpaka ianze kufura, unaepua tena na kufunika dakika tano. Ukitaka mashapo yazame haraka, nyunyizia juu kijiko cha maji baridi. Kisha chuja kwa chujio la chai. Kipimo kinachotumiwa na wengi wanaoijua kahawa ni gramu 60 za unga kwa lita 1 ya maji. Nyumba nyingi hutia pungufu ya hapo, kisha hulipia kwa kuichemsha muda mrefu, na matokeo yake ni kahawa nyepesi na chungu kwa pamoja. Ongeza unga, punguza moto. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Gharama yake ni ndogo kuliko njia zote, maana kila kitu kimo jikoni tayari. Lakini kwa kipimo cha dakika ishirini sufuria inaanguka mara mbili. Kwanza, kahawa ikibaki juu ya mashapo inaendelea kuiva, na ukirudi inakwaruza koo. Pili, kahawa hufura kama maziwa. Niliwahi kuitwa wakati wa kufura. Niliporudi, kahawa ilikuwa imemwagika na kuuzima moto, na gesi inatoka. Tangu hapo nina sharti: ikiwa iko motoni siondoki, na kama ni lazima niondoke nazima kwanza. Anayejua kwamba hawezi kulishika sharti hilo aachane na sufuria wakati watoto wako macho.

Ya kopo

Wapenzi wengi wa kahawa huidharau kahawa ya papo hapo. Siwaungi mkono, na si kwa sababu Africafe inatengenezwa kwetu Bukoba na kiwanda cha TANICA, ingawa hilo linanipa furaha yake. Kahawa hii ilikwishapikwa kiwandani ikakaushwa. Wewe unairudishia maji tu. Ikipoa, unatengeneza nyingine kwa dakika moja. Haina mashapo, haifuri, haiungui. Ukiniuliza ipi inavumilia watoto kuliko zote, jibu la haki ni hii. Mama mwenye kichanga cha miezi mitatu anayetaka kikombe kimoja kabla mtoto hajaamka asinunue kitu kingine chochote mwaka huu. Kwa maziwa ya moto naipenda hata kuliko ya dele, maana uzito wa maziwa huifunika kahawa ya kawaida lakini hii hubaki inasikika.

Inachokosa ni harufu ndani ya nyumba. Kwangu Jumamosi huanza puani. Unga wa kahawa ukikutana na maji ya moto, mume wangu huamka bila kuitwa, na yule mkubwa wa miaka minane hutoka chumbani akiuliza kama kuna kashata. Kopo halifanyi hivyo. Linakupa kahawa, lakini halimwamshi mtu.

Vyombo vya ng'ambo

Siku hizi viwili vinapatikana kwenye maduka makubwa ya mijini. Kuna birika la kioo lenye chujio la waya linalosukumwa chini kwa kijiti, na kuna moka, kile kibirika cha Kiitaliano cha ghorofa mbili kilichoanza kutengenezwa mwaka 1933, ambacho maji huchemka chini na kupanda juu yakipitia kwenye unga.

La kusukuma linatoa kahawa nzuri kweli. Mimina maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, subiri dakika nne, sukuma. Shida ni kwamba linataka unga wa chengachenga, na unga mwingi unaouzwa madukani kwetu umesagwa laini, kwa hiyo unapenya kwenye waya na kujaa kikombeni. Shida kubwa zaidi ni kioo. Meza yetu ni fupi, mikono midogo inaifikia. Letu lilivunjika mwezi wa pili, kwa bahati lilikuwa tupu.

Moka ni ya alumini, haivunjiki, na kahawa yake ni nzito, inafaa maziwa. Lakini haisamehe kabisa: ikianza kukoroma lazima iepuliwe hapo hapo, la sivyo inatoa ladha ya kuungua. Ile ndogo hata haikai vizuri juu ya vyuma vya jiko la gesi, inayumba, na moto ukiwa mkubwa unaunguza mkono wake wa plastiki. Mpira wake wa ndani ukichakaa, kuupata mwingine ni safari. Kwa mzazi mwenye watoto wakubwa wanaoamka saa tatu ningeipendekeza kwa moyo mweupe. Kwa mwenye mtoto mdogo, hapana.

Chupa ya chai huokoa karibu zote

Kama ungenipa fedha ya kununua kitu kimoja tu, ningenunua chupa ya chai nzuri, ile wenzetu wa Kenya wanayoiita thamosi. Kahawa ya sufuria ikichujwa mara tu inapoiva na kumiminwa kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto, inatengana na mashapo yake na inatengana na moto. Inakaa moto bila kuendelea kupikwa. Saa mbili baadaye bado ni kahawa. Hata ile ya kusukuma huokoka kwa njia hii. Weka chupa mahali ambapo mtoto hafiki, tumia vikombe vidogo vya pwani, na umepata uvumilivu wa dele bila makaa. Chupa iwe ya kahawa peke yake. Iliyowahi kuwekwa uji au chai ya tangawizi haisahau.

Buni ipi

Tanzania ina kahawa za aina mbili, na kwa asubuhi ndefu tofauti yake inahusika. Arabika, ambayo wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898, leo inalimwa pia Arusha, Mbeya, Mbozi na Mbinga. Ina uchachu mzuri na harufu ya juu. Robusta ni ya kwetu Kagera, ilikuwapo kabla ya wamisionari na kabla ya wakoloni. Ni nzito, chungu zaidi, na kafeini yake inakaribia kuwa mara mbili ya arabika. Kwa dele natumia robusta, maana inastahimili moto na viungo bila kupotea. Kwa sufuria na chupa natumia arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, kwa sababu muda wa motoni ni mfupi na harufu yake haijafukuzwa. Arabika nzuri kuichemsha nusu saa na mdalasini ni kuidhulumu.

Ukitwanga mwenyewe, twanga Ijumaa jioni. Harufu itapungua kidogo mpaka asubuhi, lakini kinu cha saa kumi na mbili alfajiri humwamsha kila mtu, na ukishamwamsha wa miaka miwili, mazungumzo yote ya utulivu yamekwisha.

Suala la kiasi nalo si dogo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inamwekea mtu mzima mwenye afya ukomo wa miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha miligramu 200. Kikombe cha kawaida cha kahawa ya kupika huwa na karibu miligramu 100, chenye robusta huzidi. Kwa hiyo anayenyonyesha aridhike na kimoja kikubwa, au vile vidogo vichache vya arabika. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Anayepanga kulala na watoto saa nane mchana afunge kahawa yake saa mbili asubuhi. Na nyumba yenye mtu aliyeambiwa na daktari kwamba lehemu (kolesteroli) yake iko juu ijue kwamba kahawa ya kuchemsha na ya kusukuma hubaki na mafuta yanayoipandisha lehemu. Kichujio cha karatasi huyazuia, na ya kopo karibu haina. Mama mkwe akija kwetu, yeye anawekewa ya kopo. Watoto hawapati kahawa. Wanapata maziwa ya moto yenye iliki, katika vikombe vile vile visivyo na mkono, kwa sababu wanachokitaka ni kikombe na kuketi nasi.

Redio, simu au sabufa

Upande wa muziki nimebadilisha msimamo. Zamani nilitumia simu na spika ya Bluetooth, na kwa kweli uchaguzi wake hauna mwisho. Lakini simu ndiyo ofisi yangu. Naishika ili niruke wimbo mmoja, naona ujumbe wa kundi la kazini, naujibu, na asubuhi imeshaingiwa na Jumatatu. Bando nalo linakwisha katikati ya wimbo. Mtoto akiiona simu anaitaka katuni, na hapo muziki umekwisha na ugomvi umeanza. Kwa kipimo changu cha dakika ishirini simu ni mbaya kuliko zote: kila unapoiachia inakuita, na kila unapoiendea inakushika.

Redio ni kinyume chake. Inachagua mwenyewe. Mwishoni mwa wiki stesheni nyingi hupiga zilipendwa, na TBC Taifa ndiyo iliyorithi hazina ya nyimbo zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, enzi ambazo bendi karibu zote zilipita kwenye studio yake. Redio ndogo ya betri haijali umeme ukikatika. Ubaya wake ni matangazo, taarifa za vifo, na mtangazaji anayepaza sauti ghafla wakati kitinda mimba amesinzia begani. Huwezi pia kuiambia irudie wimbo ulioupenda.

Kati ya hizo mbili kuna sabufa yenye tundu la flashi, na huko ndiko tulikotua. Mume wangu alikaa jioni mbili akapanga nyimbo kwenye flashi moja, saa tatu mfululizo, kwa utaratibu tulioukubali pamoja. Jumamosi mtu anabonyeza mara moja. Hakuna bando, hakuna ujumbe, hakuna tangazo. Umeme ukikatika tunarudi kwenye redio. Kazi ya kupanga ni kubwa siku ya kwanza, lakini unaifanya mara moja. Besi ishushwe karibu yote: sabufa hizi zimetengenezwa kwa sherehe, na asubuhi hutetemesha vyombo kabatini.

Taarabu au dansi

Hapa ndipo mimi na mume wangu tulipojadiliana zaidi, na ndipo naona mzazi anapaswa kufikiri zaidi.

Taarabu asilia ina faida ambayo muziki mwingine hauna: bashrafu, zile tungo za ala tupu kama kanuni, udi, fidla na nai, bila neno hata moja. Nadi Ikhwani Safaa wamekuwa wakiupiga muziki huu Unguja tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club tangu 1958, na huzikosi bashrafu kwenye kazi zao. Kwa saa moja ya kwanza, watoto wakiwa bado wamelala, hakuna kinachozidi bashrafu kwa sauti ya chini. Hazikuamshi, zinakutoa usingizini pole pole. Zikifuata nyimbo zenyewe, ni ndefu, dakika kumi na zaidi, na mwimbaji anarudia ubeti kwa subira. Ukiinuka katikati ya wimbo kumfunga mtoto nepi, ukirudi wimbo bado upo, umeingia ubeti wa tatu. Muziki mwingine gani unakusubiri hivyo?

Ila taarabu yenye maneno huhitaji usikilize. Mafumbo yake hayafunguki kwa mtu aliyekengeuka, na asiyesikiliza anakosa nusu ya utamu. Na ieleweke nazungumzia taarabu asilia. Taarabu ya kisasa yenye mipasho na vinanda vya umeme ina mahali pake na ina wapenzi wake, lakini si kwenye masikio ya mtoto wa miaka minane saa moja asubuhi. Kijembe atakijifunza kwa siku moja na kumtupia mwalimu Jumatatu.

Dansi inafaa saa ya pili. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na leo ni Msondo Ngoma, au Mlimani Park iliyoanza 1978, zilizoea kuugawa wimbo sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya taratibu: magitaa yanazungumza, waimbaji wanaeleza kisa, cha ndoa, cha ugeni mjini, cha rafiki aliyegeuka. Kisha linakuja chemko, tarumbeta zinapanda, mwendo unaongezeka. Rumba ya Kongo na sebene yake ni ndugu wa karibu. Mgawo huo unafuata asubuhi ya nyumba yenye watoto kana kwamba ulipangwa kwa ajili yake. Wakati wa sehemu ya kwanza watu wako mkekani, vikombe mkononi, mtoto mkubwa anauliza "Kwa nini amemwacha mkewe?" na mazungumzo yanaanza ambayo siku za kazi hayapati nafasi. Chemko likiingia, wadogo wawili wanasimama kucheza, nami najimiminia cha tatu nikiwaangalia.

Ndiyo maana flashi yetu inaanza na bashrafu, inapita kwenye taarabu asilia mbili au tatu, inaingia kwenye dansi, na mwisho, kuanzia saa tatu na nusu, imewekwa bongo fleva wanayoitaka watoto, kwa sababu hapo ufagio umeshachukuliwa na hakuna anayelalamika. Wewe kwako inaweza kuanza na kwaya au kaswida. Cha kushika ni utaratibu wenyewe: kisicho na maneno kwanza, chenye kisa baadaye, cha kuchezesha mwisho.

Mkekani au kijiweni, Jumamosi au Jumapili

Kuna akina baba ambao kahawa yao ya mwisho wa wiki ni kijiweni. Naijua raha yake. Mume wangu amekulia karibu na Jaws Corner, Mji Mkongwe, mahali ambapo kahawa, bao na siasa havitengani, na hapa Dar kila mtaa una kona yake ya kubishana Simba na Yanga. Kijiweni kuna wenzako, kahawa imepikwa na mwingine, unalipa unaondoka. Lakini saa mbili za kijiweni asubuhi ni saa mbili za mtu mmoja nyumbani na watoto watatu peke yake. Sisi tumegawana: kijiwe ni cha alasiri, mkeka ni wa asubuhi. Naliamini hili kwa dhati, na namwomba kila baba alipime kabla ya kuvaa kandambili na kutoka.

Siku yenyewe inategemea nyumba. Wanaokwenda ibada ya kwanza Jumapili hawana asubuhi siku hiyo. Watoto wa chuo cha Kurani wengi huenda Jumamosi, kwa hiyo nyumba nyingine za Kiislamu hupata utulivu Jumapili. Wetu wanakwenda chuo mchana, ndiyo maana Jumamosi imetufaa.

Sasa, kwa kifupi kwa anayetaka jibu lake tu. Una kichanga na hujalala: kopo, maziwa ya moto, redio. Una mtoto anayetembea na wengine wanaouliza maswali, kama sisi: sufuria na chupa ya chai, arabika, vikombe vidogo, flashi iliyopangwa. Watoto wameshaelewa moto na una ua: dele, robusta, tangawizi, iliki, na taarabu. Watoto ni wakubwa na unapenda kikombe kimoja kikali cha maziwa: moka, na hapo hata simu naweza kuikubali, kama utaizima data.

Na kama huna hata kimoja kati ya hivyo, Jumamosi hii tafuta robo kilo ya kahawa, chujio la chai na chupa iliyo safi. Kashata zipo kwa muuza kahawa anayepita mtaani kwenu. Msimamishe akigonga vikombe, nunua sita.